Mpigaji wa Njoro na Jani la Sale

Vijana, mkinikuta pembeni ya uwanja nabonyeza ardhi kwa kisigino, msinicheke. Sitafuti kitu kilichonidondoka. Ni mazoea ya kazi tu, kama fundi seremala anayepitisha kidole kwenye kila meza anayokaa, hata mezani kwa wakwe. Nguvu zangu zote nilizimalizia kwenye kipande kimoja cha udongo hapa Moshi, kipande ambacho ng'ombe mmoja angekikojolea chote asubuhi moja, na nimestaafu sijamaliza kukijua. Ninyi mna mashine ya kukata nyasi na chokaa ya kuchora mistari, na saa nne mko kwenye chai. Sisi tulikuwa na mkeka.

Wengi wenu kriketi hamjaiona, basi niieleze kwa ufupi. Mtu mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe. Mwingine amesimama mbele ya vijiti vitatu na gongo bapa la mbao, anavilinda. Akiupiga mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili wanakimbia kubadilishana nafasi, na kila wakibadilishana wanapata rani moja. Mpira ukiangusha vijiti, au ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka, anaweka gongo kwapani na kwenda zake. Hakuna kubisha. Wazungu waliileta, Wahindi wakaipenda kuwazidi, na sisi Wachagga tukapewa kazi ya kutandika.

Kwao Ulaya huchezea juu ya nyasi. Hapa nyasi zetu hazikukubali, kwa hiyo tulishindilia udongo mgumu wa moramu, na siku ya mechi tukaifunika kwa mkeka mrefu wa kamba za usumba wa nazi, tukaukaza kwa vigingi vya chuma. Ukiona mpira unaruka vizuri, sifa ni za mrushaji. Ukiona umeruka vibaya ukampasua mtu mdomo, lawama ni za Elia. Elia ndiye mimi.

Aliyenifundisha ni Mzee Salehe, mtu wa Pangani aliyepanda huku na reli na hakushuka tena. Alikuwa mkali, na kahawa yake chungu kama yeye. Siku yangu ya kwanza nilianza kupigilia vigingi kwenye pembe, kama mtu anayewamba ngozi. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Haya, tembea juu yake." Nikatembea, na mkeka ukafanya matuta kama tumbo la mtu aliyekula kiburu kingi. Akaning'oa sikio kwanza, vigingi baadaye.

"Anzia katikati," akasema. "Katikati huku, katikati kule, halafu ndiyo usogee pembeni. Na uvute kama mnagombana na mwenzio."

Alinifundisha pia habari ya kisigino. Jioni ya kuamkia mechi unamwagilia moramu. Alfajiri unapitisha rola, lile gurudumu zito la kushindilia. Kisha unavua kiatu na kubonyeza. Kisigino kikiacha kishimo, maji yamezidi. Kikikuuma, umekausha mno. Kikikaa tu kimya, tandika.

Makosa niliyaona mengi, mengine ya kuchekesha. Msimu mmoja wa kahawa nilikwenda kulala Rau kwa mazishi, nikamwachia mlinzi funguo za stoo. Mlinzi alikuwa na shemeji yake mwenye kahawa mbichi na mawingu juu ya kichwa. Niliporudi nilikuta mkeka wa klabu umetandazwa uwanjani na juu yake kahawa ya watu wa nusu kitongoji inaanikwa, wanawake wanaigeuza na kuimba, kila mmoja akinishukuru kwa moyo wangu mwema. Tulikung'uta hadi mikono ikaisha nguvu. Hata hivyo katika mechi ya Jumamosi yake refa aliinama mara kwa mara kuokota punje, na Mhindi mmoja akasema mkeka wa Moshi unanukia kuliko jiko la mama yake.

Wakati wa vita usumba haukufika, tukashona mkeka wa katani. Huo ulikuwa balaa. Mpira ukigusa katani unashika na kupinda, unatoka ulikoelekea na kwenda usikotarajia. Watu wazima waliukimbia. Aliyeupenda alikuwa mmoja tu, kijana Karimu wa Njoro ya hapa Moshi, na habari yake ndiyo iliyonifanya nikae kitako kuwaandikia.

Baba yake Karimu alikuwa Mpunjabi, fundi wa reli, akafa mapema. Mama yake alikuwa binti wa ukoo wetu wa Rau, aliyesilimu alipoolewa. Tulimwita Mama Karimu, na mimi kwa kuwa ni wa ukoo nilimwita dada. Kwa hiyo kijana aliniita mjomba. Kila nikifungua stoo alikuwa kwenye kizingiti. "Shikamoo mjomba, leo unatandika?" Kabla sijamaliza marahaba ameshabeba vigingi.

Klabu za Wahindi kila moja ilikuwa na watu wake, Waismailia kwao, Wahindu kwao, Wagoa kwao, na kila moja ilimkuta Karimu na upungufu fulani. Timu ya reli ndiyo iliyompokea, maana reli ilichukua kila mwenye mikono. Akawa anacheza na makarani na madereva wa treni, na kwa mikono yake ile timu ya mafuta na makaa ikaanza kuogopwa mpaka Tanga.

Nimeona wapigaji wengi. Wengi wanaufuata mpira. Karimu aliusubiri. Mpira wa kwenye mkeka uliokazwa vizuri hupanda mpaka kifuani, na wengine huupiga kwa hofu. Yeye alinyanyuka kwa vidole vya miguu, akaushusha chini polepole hadi mbele ya viatu vyake, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala. Ukija mbaya ndipo aliukung'uta mpaka kwenye mahindi. Mimi nikikaa juu ya rola yangu nilisahau kabisa kwamba nimeajiriwa.

Vita vilipoisha, timu ya Tanganyika ikaanza kuchanganya Wazungu na Wahindi, na Kenya wakaja kucheza nasi hapa Moshi. Karimu akaitwa. Hakuwa hata na ndevu za kunyoa. Nahodha wa Tanganyika alikuwa mlowezi wa kahawa wa upande wa Marangu, aliyezaliwa hapa hapa mlimani na kulelewa na yaya wa Kichagga. Kichagga alikisema kama sisi, na kwa kuwa alikuwa hakosi kibuyu cha pombe ya ndizi kwenye vilabu vya wazee, watu walimwita Bwana Mbege. Hakuwa mtu mbaya. Naliandika hili nikiwa na akili zangu.

Siku ya pili, maana mechi kubwa huchukua siku kadhaa, Tanganyika ilikuwa hoi. Bwana Mbege na Karimu wakawa pamoja katikati, wakaanza kutuinua. Karibu na saa ya chakula nahodha akaupiga mpira, akaita wakimbie, akasita. Karimu akatoka, akasita naye. Wakatazamana kama watu waliokutana mlangoni, na mpira ukarudishwa ukaangusha vijiti kabla hajafika, na nahodha akatolewa. Mimi nilikuwa juu ya rola. Kama ni kosa, lilikuwa la wote wawili.

Mezani, chini ya turubai, mbele ya wachezaji wa timu zote mbili na wake za Wazungu, Bwana Mbege alisema kwa sauti, "Chotara ndivyo alivyo. Hajui aende kwa baba au arudi kwa mama, ndiyo maana anaganda katikati." Alisema kwa Kiingereza, lakini cha kutosha mimi nilikijua, na nilikuwa nimebeba birika. Wazungu wakacheka. Wahindi nao wakacheka, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kupenda. Ulimi hauna mfupa. Nadhani hata yeye mwenyewe, alipoiona sura ya kijana, alitamani kuyarudisha yale maneno, lakini kicheko kilikuwa kimeshayachukua.

Karimu aliweka sahani chini. Akaniita nimmiminie maji, akanawa mikono, na hakuwa amekula kitu. Halafu akarudi kwenye mkeka, akapiga hadi jua likaanza kuzama, na Kenya wakashindwa kumtoa. Aliiokoa nchi iliyomcheka wakati wa chakula. Watu wote walikwenda kumpa mkono. Bwana Mbege alipofika na mkono wake, Karimu alikuwa anafungua kamba za kinga za miguu, na hakuinua kichwa.

Mechi ya marudiano ilikuwa Nairobi. Jina la Karimu likawa la kwanza kuandikwa, na jibu lake likawa fupi: hatacheza chini ya nahodha yule mpaka yale maneno yafutwe mezani, mbele ya watu, kama yalivyosemwa.

Hapo ndipo Bwana Mbege aliponifuata stoo. Nilikuwa nimekaa nashona ukingo wa mkeka. Hakunisalimu kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, alinisalimu kwa Kichagga, kisha akatoa ndani ya koti jani la sale, limefungwa fundo.

Ninyi wa mjini huenda sale mnaliona kama ua la uani tu. Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea sale lenye fundo, mambo yamekwisha. Hata kama alimuua ndugu yako, unalipokea, mnakaa, mnakunywa. Anayelikataa anabaki yeye na mkosi. Mimi katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kusikia mtu amelikataa.

"Lipeleke kwa mama yake," akasema. "Wewe ni wa ukoo, wewe ndiye wa kulibeba."

"Bwana, nitalipeleka. Lakini yale maneno yalisemwa mezani."

"Mezani siwezi, Elia."

"Kwa nini?"

Alizungusha kofia mikononi muda mrefu. "Wale hawatanielewa. Watanicheka mpaka nihame nchi. Wewe unajua sale ni nini. Mama yake anajua. Haitoshi?"

Nikamtazama, na nawaambieni kweli, nilimhurumia. Alikuwa na haya kama mtoto. Aliweza kuomba radhi kwa desturi ya yaya wake, lakini kwa lugha ya mama yake mzazi akashindwa. Nikalipokea, nikalifunga kwenye kitambaa, nikashuka Njoro.

Mama Karimu alikuwa anapika mtori. Alipoliona sale akapangusa mikono kwenye khanga, akalipokea kwa mikono yote miwili, na machozi yakamtoka. "Aika," akasema, yaani asante. "Huyo amelelewa na watu. Kumbe ana utu." Kwake yeye yalikuwa yamekwisha hapo hapo, na alishaanza kuniuliza mtoto atahitaji sweta ya namna gani kwa baridi ya Nairobi.

Karimu akaingia kutoka karakana, mikono myeusi kwa grisi. Mama yake akamwonyesha.

"Limetoka wapi?"

"Kwa Bwana Mbege," nikasema. "Anaomba radhi, mwanangu. Sale halikataliwi."

Akalitazama bila kuligusa. "Mjomba, amelileta wapi?"

"Stoo."

"Kulikuwa na nani?"

"Mimi na yeye."

"Basi amekuomba wewe." Akaenda kwenye ndoo kunawa. "Alinitukana kwa Kiingereza mbele ya watu, anaomba radhi kwa Kichagga gizani. Kesho mezani nitakuwa nani? Wale waliocheka wataendelea kucheka, na mimi nitakuwa nimekubali."

"Karimu!" mama yake akasema. "Hili si la kwake tena, ni la wazee. Ukilikataa unatukataa sisi."

"Siwakatai ninyi, mama. Yeye ndiye aliyesema sijui niende kwenu au wapi. Najua. Nakaa hapa." Akapangusa mikono. "Mwambie asimame mezani. Maneno mawili tu. Nitapanda treni hata na viatu vya kuazima."

Mama yake alilia usiku kucha, na kwa siku kadhaa hakumpikia. Mimi nilirudi kwa Bwana Mbege kumpa jibu. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ana haki." Kisha akarudi kwenye shughuli zake. Timu ikapanda treni ya Voi bila Karimu, na mahali pake wakamweka kijana wa benki aliyekuwa mzuri zaidi kwa kucheza karata.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wajukuu wangu ni wengi na wana kelele, lakini hili hunipa kelele kuliko wao. Najuta kwa ajili ya wote watatu. Mama yule alifanya alivyofunzwa na akaona jambo takatifu linabaki mikononi mwake kama gunzi. Mzungu yule alijua lililo sawa, akakosa kifua cha kulisema. Na kijana, jamani, kijana alikuwa na miaka yote mbele yake. Mwanzo tu ule. Kulikuwa na watu wa Nairobi waliosema angeweza kufika hata Uingereza. Nikiwaambia alikosea, naiona ile sahani aliyoiweka chini. Nikiwaambia alikuwa sahihi, naiona treni inaondoka. Lililo wazi kwangu ni moja, nanyi mlishike katika kazi yoyote: mtu uliyemvunjia heshima mezani, usimfuate stoo.

Baadaye aliacha reli, akanunua lori na wenzake, akawa anabeba mahindi na vitunguu kati ya Himo na Holili. Akiniona barabarani anasimama, ananisalimu kwa heshima ile ile, ananipandisha mbele. Tuliongea mvua, matairi, bei ya vitunguu. Kriketi hatukuitaja. Nahodha naye aliuza shamba na kuondoka kabla ya bendera kubadilika, na sikusikia kwamba alisema lolote kwa mtu yeyote.

Lakini nataka mjue Karimu aliachaje gongo, maana wengi husema alikasirika akalichoma. Uongo. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi ya mechi yenyewe ya Nairobi. Uwanja wetu ulikuwa mtupu, nami nafagia stoo. Karimu akaja amevaa nguo nyeupe zote, zimepigwa pasi, gongo ndani ya gunia.

"Shikamoo mjomba. Tandika."

"Marahaba. Kuna mechi?"

"Ipo."

Nilikuwa sijamwagilia jana yake, moramu ilikuwa ngumu na kisigino kiliniuma, lakini tulivuta mkeka sisi wawili, tukaanzia katikati, tukaukaza kama wa wafalme. Akasimamisha vijiti. Kisha akanitupia mpira.

Katika miaka yangu yote nilikuwa sijawahi kurusha mpira kwenye mkeka ule. Hatukuruhusiwa, na Mzee Salehe angefufuka. Mpira wangu wa kwanza ulidunda mara mbili ukafika umechoka. Karimu aliucheza kwa adabu zote, mguu mbele, kichwa chini, kana kwamba ulirushwa na bingwa wa Kenya. Wa pili hivyo hivyo. Nilipopata moto kidogo akaanza kuipiga, nami nikawa nakimbia kuifuata hadi kwenye mahindi, napumua kama ng'ombe wa plau.

Mama yake akatokea upande wa reli na sufuria kichwani. Walikuwa hawajazungumza tangu siku ile. Akaweka sufuria chini pembeni ya uwanja, akanitazama ninavyohangaika, akasema, "Elia utakufa." Akafunga khanga vizuri, akaingia mahindini kutafuta mpira. Hakusema neno kwa mwanawe, wala yeye hakusema. Mpira ukienda, mama anauokota, ananirushia, narusha tena. Mchana kutwa tulikuwa hivyo, watu watatu kwenye uwanja wa watu ishirini na mbili. Mchezo wenyewe mama yule hakuwahi kuuelewa. Miaka yote alikuwa anasimama nje ya ua na kupiga makofi watu wengine wakipiga.

Jua lilipoanza kulegea nikarusha mmoja uliokwenda juu kidogo. Karimu akanyanyuka kwa vidole, akaupiga. Haukwenda chini kama kawaida yake. Ulipanda, ukapanda, na ulipokuwa unashuka mama yake alikuwa chini yake ametandaza khanga kwa mikono miwili, kama anayekinga embe. Ukaingia humo. Kama sheria zinaruhusu khanga au haziruhusu, mimi sijui hadi leo, na refa hatukuwa naye.

Mama Karimu akauinua juu akicheka, mara ya kwanza kucheka tangu siku ya lile sale. "Nimeukamata! Elia, umeona? Nimeukamata!"

Karimu alisimama kidogo. Akavua glovu. Akaweka gongo kwapani, kama mtu aliyetolewa halali mbele ya maelfu, akageuka na kuanza kutembea kuelekea kwenye banda la wachezaji, taratibu, bila kutazama nyuma.

Mama yake akanijia mbio, mpira bado ameushika, uso umejaa furaha. "Mbona anaondoka?" akaniuliza. "Elia, mbona anaondoka? Ndiyo kwanza najifunza."

Nikainama nikaanza kung'oa vigingi.